Nilimwambia mpwa wangu kuwa gemu yake nimeicheza mwenyewe

Admin, naomba ufiche jina langu kabisa, maana hapa mtaani kwetu Munuki, Juba, nikikohoa tu watu wanajua ni nani. Mimi ni mwanaume wa miaka 52. Shule niliishia la sita, lakini la sita ya zamani si ya leo. Nimeendesha lori la kwenda Nimule mpakani miaka mingi, na siku moja niliteremka mlima bila breki huku namenya chungwa. Vijana wa stendi ya boda wananiomba kila siku niirudie hiyo hadithi. Leo lakini sijaja kuwachekesha. Kuna kitu kifuani kinanimaliza.

Naishi na mpwa wangu, tumwite Keji, ana miaka 20. Mama yake alikuwa dada yangu wa pekee. Walikuwa wanakaa Nakuru, na dada alipofariki nikamleta Keji huku Juba. Nguo hakuja nazo nyingi. Alikuja na kompyuta kubwa ya mezani aliyonunuliwa na mama yake. Humo alikuwa anacheza gemu moja ya vita ya mtandaoni, watano kwa watano, yeye na wenzake wanne aliosoma nao Nakuru. Yeye ndiye kapteni wao. Wapendwa, huyu mtoto wiki nzima haongei. Jumapili tukitoka kanisani anaingia kwenye gemu na wenzake, na hapo ndipo nasikia kicheko cha dada yangu kikitoka mdomoni mwake.

Shida ilikuwa umeme. Sola yetu haikuiweza ile kompyuta. Vita viko katikati, inazima, wenzake wanabaki wanne wanapigwa. Roho iliniuma. Nikasikia kuna mfanyabiashara mmoja mtaa wa Kator ana mashine ya gemu ya kushika mkononi, ina betri yake, haizidi sahani ya ugali. Nikaenda, nikamuuliza kama inaweza gemu nzito za kompyuta. Akasema, "Mzee, hii ni kompyuta kamili, wameikunja tu." Alikuwa tayari tubadilishane, anipe hiyo na achukue ile ya mezani.

Keji akasita. Akaniuliza, "Khalu," maana huku ndivyo tunamwita mjomba, "nyingine zinafungua gemu za kucheza peke yako tu. Umeona gemu yangu ikicheza humo, na watu wengine ndani?"

Hapo ningesema sijui, yangeisha. Lakini mdomo wangu haujawahi kusema sijui. Nikamwambia, "Kuona? Nimecheza mwenyewe pale dukani! Nimeangusha watu saba, mwenye duka akaniuliza nilifundishwa jeshi gani."

Alinitazama sana. Akasema, "Kama umecheza mwenyewe, sawa, Khalu."

Wapendwa, hata kuishika nilikuwa sijaishika.

Kompyuta ikaenda, mashine ikaja. Na mimi ninavyojijua, nikaalika watu. Jumapili mchana nikapanga viti vya plastiki uani, wakaja vijana wa stendi na akina mama wa kwaya. Okello, mtu wa boda kutoka Uganda, akasema, "Mzee, hii kitu kadogo hivi inaweza beba vita?" Nikamjibu, "Wewe pikipiki yako tu inakushinda, nyamaza uone." Watu wakacheka. Wenzake Keji walikuwa kwenye simu, sauti tumeifungulia. "Kapteni, ingia basi, tunakungoja wewe!"

Gemu ikafunguka, picha safi kabisa. Nikapiga makofi. Kisha yakatokea maneno kwamba mashine hii hairuhusiwi kuingia, ikajifunga. Akajaribu tena. Tena. Mashine ikawa ya moto mikononi mwake. Okello akasema, "Mimi iko nangoja vita."

Keji akanigeukia, taratibu tu, bila hasira. "Khalu, pale dukani wewe uliingiaje?"

Watu wote wakanitazama. Nikasema, "Mimi niliingia vizuri. Ni huyu hajui kubonyeza. Anajiita kapteni, kumbe alikuwa anabebwa na wenzake."

Walicheka mpaka viti vikalia. Kwenye simu mwenzake akasema, "Kapteni, muda umeisha, tunaingiza mwingine." Keji akajibu, "Ni sawa." Akazima simu, akaanza kukusanya vikombe vya chai.

Nilirudi Kator mbio, nikakuta kompyuta imeshafunguliwa, vipande vimetawanyika kwa watu. Nikaipeleka mashine kwa fundi. Akaniambia, "Nguvu inayo. Ila hiyo gemu ina mlinzi wa kukamata wanaocheza kwa hila, na mlinzi huyo haukubali mfumo uliomo humu. Ukiweka mfumo mwingine labda itaingia, lakini kwa joto la Juba itakwamakwama, watamwangusha kabla hajageuka." Halafu akasema, "Si binti yako alishakuja nikamweleza haya haya?"

Kwa hiyo anajua. Anajua hakuna mtu aliyewahi kuingia na ile mashine, sembuse mimi. Na hajasema kwa mtu. Akina mama wa kwaya wakimtania, "Keji, umejifunza kubonyeza?" anajibu, "Bado najifunza, mama." Ananifichia aibu mimi, niliyemvua nguo mbele ya watu.

Wenzake wameshapata mtu wa tano. Keji siku hizi anacheza gemu ya shamba, anapanda nyanya, anamwagilia, hakuna mtu mwingine humo ndani. Hiyo inacheza bila kukwama hata kidogo. Chai ananiletea, heshima anayo, lakini Khalu hasemi tena. Ananiita mzee, kama alivyoniita yule mfanyabiashara wa Kator.

Juzi nilijikaza, nikamwambia Okello ukweli, kwamba sikucheza, kwamba nilimsingizia mtoto. Akacheka mpaka akashika kiti cha pikipiki. "Mzee, leo umeleta mpya!" Akawaita wenzake waje waisikie.

Nataka kuvipanga vile viti tena Jumapili, niwaite walewale, niseme mbele yake. Ila naogopa watacheka, na Keji ataokota vikombe tena. Nyinyi mnaosoma, nielekezeni. Mimi nimesema uongo miaka yote na nikaaminiwa. Huu ukweli mmoja nauelezaje, Keji aniamini?