Ubao wa Lango la Zizi

Kila asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, Bibi Mbuke hupita Mbaoni akihesabu. Hahesabu kwa kidole. Anagusa kila ubao kwa ncha ya fimbo, tok, tok, tok, kama mtu anayetoa ng'ombe zizini. Vijana wa bodaboda wanamchokoza: "Bibi, wamelala wangapi?"

Naye, bila kugeuka: "Mia na arobaini na tatu. Na nyie mmelala wangapi bila kuoga?"

Mbaoni ni njia yetu ya mbao kando ya mto hapa Ilundamo, kuanzia dukani kwa Nizar hadi gulioni. Wageni wanaipiga picha, wanadhani ilijengwa na halmashauri. Ilianza kwa maziwa kumwagika.

Bibi alikuja Usangu na mumewe, Mzee Limbu, wakitokea Meatu na ng'ombe wao. Baadaye ng'ombe wakapungua, wakahamia hapa na wachache wa maziwa. Enzi hizo ukingo wa mto ulikuwa tope tupu. Siku moja ya masika Bibi akateleza na ndoo nzima kichwani. Watu wakashika mbavu. Mmoja akasema, "Leo samaki watakunywa chai ya maziwa!" Bibi mwenyewe alicheka. Mzee Limbu hakucheka. Alikwenda nyumbani, akang'oa ubao mmoja wa lango la zizi, akaupiga chapa ya ng'ombe zake kwa chuma cha moto, nusu mwezi na fimbo chini yake, asije mtu akaufanya kuni. Akaulaza topeni.

Kesho yake Nizar, mwenye duka, akaongeza mbili, maana wateja walikuwa wanamwachia tope hadi kwenye magunia ya sukari. Fundi Lusekelo naye, kila akifuata mbao Mafinga, akawa anarudi na vipande vilivyokataliwa. Mwenye harusi alitoa ubao, aliyepata mtoto alitoa. Na kila ubao ulipelekwa kwanza kwa Mzee Limbu kupigwa chapa. Alipofariki, chuma kikabaki kwa Bibi. Ng'ombe wenyewe waliisha zamani. Kwa hiyo akisema "ng'ombe zangu", anasema hizi za kukanyagwa.

Mwaka huu mwezi wa nne mto ulipanda, ukabeba mbao tisa. Nane tulizikuta zimekwama kwenye matete. Ule wa lango la zizi haukuonekana. Kamati ya njia ikaita mkutano, ikapanga Jumamosi watu wote watoke kupigilia upya. Bibi akasimama mkutanoni, akasema msumari wa kwanza haupigwi mpaka ubao wa mume wake urudi pale pale njia inapoanzia.

"Mama, nitakununulia mpya," Nizar akasema. "Mninga kabisa."

"Baba, wewe ukipotelewa na mama utanunuliwa mpya?"

Nizar akakaa.

"Ng'ombe aliyepotea anafuatwa, hasubiriwi," Bibi akasema. Alhamisi tukashuka na mto, yeye, Fundi Lusekelo na mimi. Kila nyumba alipiga hodi, akauliza kama mfugaji: "Hamjaona mmoja wangu? Mwekundu, ana nusu mwezi ubavuni." Watu wakaapa hakuna ng'ombe aliyepita. Fundi alishusha kofia hadi puani.

Nyumba ya saba au ya nane, pale mto unapopinda, tulimkuta mama mmoja anaitwa Sekela akifua, mtoto mgongoni. Alikuwa amesimama juu ya ubao wetu. Umelala topeni, na nusu mwezi imejaa povu la sabuni.

"Kamwene," Bibi akasalimia.

"Kamwene, bibi. Karibuni."

Mumewe, Saulo, akatoka kwenye mahindi na jembe lake. Aliposikia shida yetu akasema, "Huu nimepewa na mto, bibi. Sikuiba."

"Nani kasema umeiba? Ng'ombe aliyepotea akiingia kwako, umemtunza. Lakini ana mwenyewe."

"Basi nidai majani aliyokula?"

Fundi alianza kucheka, Saulo akafuata. Sekela hakucheka. Alisema akiangalia nguo zake: "Masika ya mwaka jana nilianguka hapa hapa, nina mimba ya huyu." Akaonyesha mgongoni kwa kidevu. "Tangu ubao uje, sijaanguka."

Bibi akavua kandambili, akapanda kwenye ubao, akauyumbisha kidogo kama anaujaribu. Nilimwangalia. Alikuwa akitazama miguu ya Sekela, mikavu hadi kwenye visigino.

"Fundi," akasema, "hatuchukui."

"Bibi! Tumetembea masaa matatu!"

"Kwetu mwenye ng'ombe humpa rafiki mmoja akae naye. Rafiki anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Akizaa, ndama anarudi kwa mwenyewe." Akamgeukia Saulo. "Umeelewa, baba? Huyu nimekupa ufuge."

"Nimeelewa. Lakini bibi, atazaa lini?"

"Jumamosi."

Jumamosi watu walijaa na nyundo zao, hakuna aliyezigonga. Bibi amekaa kwenye kigoda pale njia inapoanzia, chuma kiko kwenye makaa.

"Mama, jua hilo linapanda," Nizar akasema.

"Anayezaa haharakishwi."

Saa nne hivi Saulo akatokea, jasho tupu, ubao begani, Sekela na mtoto nyuma. Alikuwa ameupasua mwenyewe kwa msumeno wa mkono. Umepinda, na upande mmoja mnene kuliko mwingine.

"Ndama huyu kilema!" vijana wakapiga kelele.

"Ndama gani hayumbi siku ya kwanza?" Bibi akawajibu. "Mwacheni asimame."

Akatoa chuma kwenye makaa, akakikandamiza kwa mikono miwili. Moshi ukapanda, nusu mwezi ikatokea, na fimbo chini yake. Fundi Lusekelo akapiga msumari wa kwanza. Baada ya hapo husikii mtu kwa zile nyundo.

Jumapili asubuhi nikasikia fimbo. Tok, tok, tok. Pale kwenye ubao wa Saulo ikatoa sauti nzito kidogo.

"Bibi, wamelala wangapi?"

"Mia na arobaini na tatu zizini," akasema. "Na mmoja yuko kwa rafiki."