Blanketi la Mama na Shati la Mkwe

Mama alipohamia Kesses kwa kaka yangu, baridi ya huku juu ilimpokea vibaya. Kifua kilimbana, na mablanketi ya dukani yalimlemea bila kumpasha joto. Nikaamua kumshonea la viraka, lililojazwa sufu, kama nilivyowashonea wanangu.

Sufu ilitoka shambani Sugoi, kwa kondoo wa mume wangu. Huoshwa kwa maji vuguvugu bila kusuguliwa, maana ukiisugua inashikana mabonge. Ikikauka unaichambua kwa vidole mpaka ifure. Viraka nilivitoa kwenye nguo kuukuu za jamaa, na katikati nikatia shati la mume wangu la mistari ya buluu. Mimi na tamaa yangu ya rangi!

Nilipompelekea, Mama alilipapasa, akiulizia kila kiraka. Akafika kwenye mistari.

"Na hii ni ya nani?"

"Ni shati ya baba watoto."

Mkono ukarudi pajani. "Wewe msichana, unataka nijifunike na mkwe?"

"Si ni kitambaa tu, Mama. Na imefuliwa."

"Hata ikifuliwa."

Kwetu mama na mkwewe hawapeani hata mkono. Nimewahi kumwona Mama akiiacha njia na kuingia kwenye mahindi ili wasikutane. Nami nimemletea mtu huyo hadi kitandani! Niliona aibu, lakini hasira ilizidi, kwa sababu baridi haijui mila.

Nikalirudisha nyumbani kwangu mjini, mtaa wa West Indies, nimenuna. Mume wangu alinikuta nikifumua, nikahofia ataumia. Akachukua makasi, akaketi kunisaidia.

"Mama yako ananiheshimu," alisema. "Wewe ndio ulitaka kuharibu." Kisha akasita. "Na sufu? Si pia ni yangu?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Ningeweza kunyamaza, lakini kumlaza Mama juu ya uongo kulinishinda. Niliporudi Kesses nikamwambia sufu ni ya nani kabla hajaligusa blanketi.

Alilitazama, kifua kikikoroma.

"Alipoleta mahari, kondoo walikuwamo?"

"Walikuwamo."

"Na tulikula?"

"Mlikula, Mama."

"Basi leta. Kondoo wake nilishawazoea."

Akajifunika hadi kidevuni, akanigeuzia mgongo. Nilikaa kando ya kitanda nikisikiliza pumzi yake ikitulia kidogo kidogo. Alipolala, nililia kwa furaha, kimyakimya, nisije nikamwamsha.