Profesa Aliyekuja Kwenye Mahari Yangu

Wasomaji, kama mutacheka, muchekee polepole, maana haya bado inanichoma.

Niliacha masomo katikati ya sekondari, lakini ndoto ya hesabu haikuniacha. Kwa hiyo nafuata masomo ya bure ya chuo kikuu kwenye telefone, kwa Kifaransa. Profesa wangu wa video akiuliza swali, ananyamaza kidogo. Naona huruma kumuacha bila jibu, basi namujibu kwa sauti, kwa Kiswahili changu. Nimezoea hivyo.

Siku ya mahari tulienda kwa wazazi wa muchumba wangu Furaha, kule mutaa wa Mapendo. Kwetu bwana harusi hasemi kitu, baba mudogo ndiye anamusemea. "Wewe kaa kimya kama kiti," aliniambia. "Ukiharibu maneno, Furaha atabaki kwao." Mimi kiti nikaona nafasi ya kusoma. Nikapitisha waya ya telefone ndani ya koti mpaka sikioni.

Profesa alikuwa anaeleza mustari unaopanda. "Utapanda mpaka wapi?" akauliza, akanyamaza. Dakika hiyohiyo, muzee wa upande wa Furaha alikuwa anauliza tutaleta ng'ombe ngapi.

"Bila mwisho!" nikajibu kwa nguvu.

Wamama wakapiga vigelegele. Baba mudogo akanivuta koti: "Bila mwisho? Utawatoa wapi, wewe?" Waya ikachomoka, na Kifaransa cha profesa kikajaa nyumba nzima: "Vizuri sana! Sasa tuzidishe mara mbili."

Muzee akainama, akaangalia mufuko wangu akitabasamu.

"Huyu baba mwenye akili," akauliza, "ni wa upande wetu?"