Siku Niliyopaka Ukuta wa Hajati

Wenzangu, chekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka najifunika uso na kitenge. Mikono yangu hii nusura ibomoe nyumba ya Hajati Zaituni, yule mama wa Mbarara anayenunua maharage yangu nikiyatoa Juru, kambini kwetu wakimbizi.

Nyumba yenyewe ni duka la zamani, alilijenga babu yake, na ndugu zake walitaka kuliuza livunjwe, ipande ghorofa. Tumaini la Hajati lilikuwa moja: kamati ya mji inayolinda majengo ya kale ije ione maua yaliyochorwa kwenye ukuta wa mbele, ikubali ni ya zamani kweli, izuie kuvunja (hayo niliyajua baadaye, mimi aliniambia tu wageni wakubwa wanakuja kuangalia nyumba). Siku hiyo nilikuwa nimempelekea maharage; akaniacha hapo dukani, akakimbia Kakiika kutafuta maziwa ya chai.

Sasa mimi Mrundi, mgeni anakuja kuangalia nyumba, nikae natazama ukuta umepauka, umejaa madoa ya buluu? Kwetu akija padri au mkwe, ukuta unapakwa upya! Na nilikuwa na kifuko cha udongo mweupe wa kuuza (ule wamama wenye mimba wanakula, msijifanye hamuujui), nikaukoroga, nikapaka huku naimba, ukuta ukang'aa, nikajipongeza mwenyewe.

Gari likaja. Wakashuka watu watatu kutoka ofisi za mji kule Kamukuzi, na mkubwa wao, mama mmoja wa miwani, akaenda moja kwa moja ukutani. Hajati naye akatokea na maziwa.

"Banange, Consolata! Maua yangu yako wapi?"

"Maua gani, Mama?" nikauliza, kitambaa bado kinadondosha udongo mkononi mwangu.

Akakamata jerikeni aumwagie ukuta maji. Yule mkubwa akapiga kelele: "Wacha, nyabo! Maji itabeba rangi yote!"

Yesu Maria, nilitamani ardhi inimeze.

Lakini hawakunitukana. Walingoja udongo ukauke kwa jua, kisha wakatoa brashi laini, wakapiga magoti kwenye vumbi na nguo zao za ofisi, wakafagia ukuta polepole, mmoja anapuliza kwa mdomo, mwingine anapiga picha kila kinachotokea. Ua la kwanza likatoka, la buluu, jani kwa jani. Ua moja, lile nililolisugua kwa nguvu, halikurudi, na mkubwa akaliandika hivyo hivyo, bila kuficha.

"Yaliyobaki inatosha," akamwambia Hajati. "Kwa kamati nitasema nilichoona."

Hajati akalia. Mimi nikalia kumzidi, na si kwa aibu tena. Nyumba ya baba kule Burundi ilibomolewa sisi tuko njiani tunakimbia, hakuna aliyeipigia goti. Sikujua duniani kuna watu wenye kazi kama hiyo.

Kamati ilikubali, na duka la Hajati lingali limesimama. Mimi ukuta wa mtu siugusi tena hata kwa kitambaa kikavu, na nyumba yangu ya Juru, kabla sijaipaka, naita kwanza watoto waitazame vizuri jinsi ilivyo.