Ruhusa ya Kutengeneza Dishi

Mvua za kwanza mwaka jana zilifika Mvumi na upepo uliong'oa dishi la televisheni juu ya bati la mama na kulibwaga kwenye banda la kuku. Radi nayo ikaunguza king'amuzi. Asubuhi mama akanipigia simu mimi, maana mimi ndiye hupigiwa vitu vikiharibika. Vikiwa vizima ni vya mdogo wangu wa Dar es Salaam, aliyevileta Krismasi moja akaondoka kesho yake. Hadi leo jirani akija kutazama taarifa ya habari anasimuliwa kwanza habari za huyo mtoto. Nisiseme uongo, iliniuma. Kwani mimi niliokotwa?

Nikachukua hela niliyoiweka ya kununulia alizeti, maana nauza mafuta sokoni Majengo, mjini, nikaenda Mvumi na fundi. Alipoegemeza ngazi ukutani, mama akamzuia.

"Subiri kwanza, baba. Mwenyewe hajaulizwa."

Kwa mama, kitu cha mtu hakiguswi bila ruhusa yake, hata kikiwa kimelala na kuku. Basi nikapiga simu, kwa vocha yangu, kuomba ruhusa ya kutumia hela yangu. Mdogo wangu alikuwa kwenye kikao. Akasema, "Haina shida dada, endeleeni tu."

"Amekubali," mama akamwambia fundi, uso ukimng'aa. "Huyu mtoto ana roho nzuri, Mungu ambariki."

Nikamkumbusha kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Akacheka, akanituma nikabandike chai ya fundi. Jikoni wivu ulinikaba hadi nikamwaga sukari, na sikuizoa.

Picha iliporudi nikamlipa fundi, king'amuzi kipya pamoja na kazi yake, mama akiona. Kisha akaomba simu yangu. Nilijua anampigia nani. Alimshukuru mdogo wangu mpaka machozi yakamlengalenga, na nisimnyime haki yake, nilimsikia kijana akisema, "Mama, aliyelipa ni dada. Mshukuru yeye."

Mama akashusha simu, akanitazama. Nilikuwa nimesimama mbele ya televisheni, mtu mzima mwenye wajukuu, nasubiri.

"Hebu sogea kidogo," akasema. "Unanizibia."