Maneno ya Mama Kwenye Filamu

Miaka ile habari za gesi zilipoanza kuenea Palma, kaskazini mwa Msumbiji, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwa kuwa Kireno nilikijua vizuri, kila mgeni aliyefika kijijini kwetu, kwenye ghuba ya Tungue, aliletwa kwangu nimtafsirie. Mmoja alikuwa mwanamke mpole kutoka Maputo, mtengenezaji wa filamu, aliyeifunga kamera yake kwa kapulana, kitenge cha kwao, isiingie mchanga. Alitaka kuipiga picha bahari yetu kabla mambo hayajabadilika. Nikampeleka kwa mama yangu, aliyekuwa akichokoa pweza katika mashimo ya mwamba tangu usichana wake.

Maji yalikuwa yamekupwa. Mama alisimama mwambani na fimbo yake ya chuma, mgeni akamuuliza anaogopa nini.

"Meli zile za gesi siwezi kuzisemea, sijui zinafanya nini huko," mama akasema. "Mimi naogopa mikono yetu. Watu wamejaa mjini, kila pweza ananunuliwa, hata wa kiasi cha ngumi. Nasi tunachokoa tu. Mimi mwenyewe jana nimechokoa."

Niliona aibu. Mama anajishtaki mbele ya kamera! Nikamwambia mgeni kwa Kireno kwamba mama anaogopa meli zitafukuza pweza. Mgeni akaitikia kwa kichwa, akaandika.

Baada ya miezi kadhaa alirudi na filamu. Tulifunika madirisha ya darasa langu kwa mikeka, watu wakajaa mpaka mlangoni. Filamu ilikuwa ya Kireno, nami nikawa natafsiri kwa sauti. Mama alipotokea ukutani watu walishangilia. Kisha sauti yake ikafifia, ya msomaji wa Kireno ikaja juu, na mimi nikalazimika kuyasema kwa Kiswahili yale niliyoyatunga mwenyewe.

Mama akasimama. "Mwanangu, hayo sikuyasema."

Watu wakageuka kunitazama.

"Anasema nini?" mgeni akauliza.

Safari hii nilitafsiri neno kwa neno, na ya siku ile mwambani pia. Nilitegemea atakasirika. Alizima mashine, akasema, "Mwombe mama anisamehe. Muulize kama atakubali twende tena mwambani."

Mama alikubali. Mimi hakunisemesha mpaka jioni, aliponiwekea chakula. "Ulidhani sijui ninalosema?"

"La, mama. Niliogopa watu watatucheka."

"Waache wacheke."

Mara hii mgeni alikuwa na kamera ya kuingia majini, na maji yalipojaa akazamia nayo. Filamu mpya ilipooneshwa, tuliona shimo la mwamba tunaoukanyaga kila siku. Ndani alikaa pweza jike, na juu yake mayai yamening'inia kama shanga nyeupe, naye akiyapulizia maji. Wanawake wa kwetu walikuwa wamechoma fimbo katika mashimo kama hayo maisha yao yote, lakini walifika maji yakiwa yamekwenda, hawakuwahi kuona hivyo.

"Kumbe analea," mmoja akasema taratibu.

Ndipo yakaja maneno ya mama, mazima, kwa sauti yake.

Ilipokwisha hakuna aliyetoka. Walibishana sana, mwisho wakakubaliana kuufunga mwamba mmoja, ule wa kusini mwa kijiji, usichokolewe kwa miezi mitatu. Haikuwa rahisi. Mwanamke jirani yetu alilalamika kwamba ana watoto wa kulisha, na mara mbili nyayo zilionekana mchangani zikielekea kule. Mama hakugombana na mtu. Siku za maji kupwa alikwenda tu kukaa ufukweni karibu na mwamba ule, akisuka ukili.

Siku ya kuufungua mwamba nilifuatana naye kabla ya shule. Pweza wa kwanza alimtoa yule jirani, minyiri ikamzunguka mikono yote miwili mpaka juu ya viwiko. Alicheka mpaka akakaa majini. Kisha akamgeukia mama.

"Dada, tufunge tena lini?"