Siku Baba Alipokuja Kupima Shule ya Leta

Binti wa mdogo wangu anatafuta shule ya kumtia mtoto wake wa kwanza, na kwa kuwa mimi nimerudi Kindu kupumzika, ameona nisipumzike. Kila asubuhi ananizungusha. Shule hii imepakwa rangi ya waridi. Ile iko na gari la kubeba watoto. Nyingine watoto wanavaa tai shingoni, katika joto hili la Kindu, maskini ya Mungu! Ananiuliza, "Mama mukubwa, unaonaje?" Nami najibu ni nzuri, ni nzuri, halafu najiona mwongo. Yeye ana haraka, hawezi kukaa asikilize. Wewe unaweza, basi kaa nikuambie jinsi shule yangu ilivyopimwa.

Mimi nilisoma shule ya Leta. Leta njo serikali, tuliiita hivyo. Nchi ilikuwa Zaire, chama kilikuwa kimoja, na kila asubuhi kabla ya masomo tuliimba na kucheza mbele ya bendera ya kijani mpaka jasho likatutoka. Tuliimba kwamba kila kitu katika nchi yetu ni kizuri. Tukimaliza kuimba, tunaingia darasani, na darasani, loo, ndugu yangu, hapakuwa na kitu.

Madirisha yalikuwa matundu tu. Milango ilikuwa imekwenda na watu wasiojulikana. Benchi zilivunjika moja moja mpaka zikaisha, kwa hiyo kila mtoto alitoka kwao na kigoda kichwani. Mimi nilibeba kigoda cha jikoni cha nyanya yangu, na yeye alipika amechuchumaa mpaka mimi nirudi. Sikulifikiria jambo hilo hata siku moja. Siku hizi magoti yakiniuma ninapoinama kuwasha moto, nalifikiria sana.

Ubao tuliupaka weusi wenyewe kila Jumamosi, saa za salongo, ile kazi ya lazima ya kila mwananchi. Tulipasua mawe ya redio yaliyokufa, yaani betri, tukatoa unga mweusi wa ndani, tukautwanga pamoja na majani ya muhogo, tukasugua. Harufu yake ilikaa mikononi hata ukila wali unaisikia. Rangi ileile tulipaka vibao vyetu vidogo vya mbao, vya kuandikia, kwa maana daftari ilikuwa kitu cha mwenye nacho. Na chaki? Chaki ilikuwa muhogo mkavu. Ulivunja kipande, ukaandika, na njaa ikikuuma ulikila. Mwalimu alijua. Alisema tu, "Mumalize kwanza hesabu, njo mukule."

Huyo mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa mrefu, mkimya, na abakosti yake moja tu, ile suti isiyo na tai ya wakati ule, imepauka mabegani. Mshahara wake ulichelewa mpaka watu wakauzoea ucheleweshaji wenyewe. Wazazi walimpelekea mchele, samaki, mafuta ya mawese. Nyanya, aliyekuwa anauza mikate ya mafuta mbele ya nyumba, alimwekea yake pembeni. Nikirudi shuleni, kabla sijatua kigoda, ananiuliza swali lake moja.

"Muke mwenzangu, leo mwalimu amekuja?"

Hivyo ndivyo alivyoniita, muke mwenzangu, utani wa nyanya na mjukuu wa kike.

"Amekuja."

"Basi. Kula, uende chuoni." Mchana tulikwenda kusoma Kurani, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Sasa baba yangu. Baba alifanya kazi Kalima, kwenye kampuni ya kuchimba bati, na mama alikuwa kule pamoja na wadogo zangu. Mimi niliachwa kwa nyanya tangu nikiwa nanyonya vidole, ili asikae peke yake. Nilikuwa macho yake na miguu yake, na yeye alikuwa dunia yangu yote. Halafu mwaka ule baba akateremka Kindu na kamio, lori la mizigo, akaketi kwenye mkeka, akanywa maji, akasema alichokuja nacho.

"Mama, nimekuja kuchukua mutoto. Kule shule ya kampuni iko na yote. Benchi iko, vitabu iko, saa ine wanawapa maziwa. Huku anapoteza wakati."

Nyanya alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Na mwalimu?"

"Mwalimu pia iko."

"Anakuja kila siku?"

"Mama! Ile njo maulizo gani?"

"Mwanangu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kesho Jumamosi watoto wanasoma. Uende ukaone na macho yako. Ukisema shule ni mubaya, umubebe. Mimi sitasema kitu."

Nikamtazama nyanya kwa hasira. Mbona hakukataa? Mbona hakulia? Badala yake akachukua kartoni, akapanga nguo zangu ndani, mbili za kushinda na moja ya sikukuu, akaifunga kwa kamba ya mkonge, fundo juu ya fundo. Kamio ilikuwa inarudi Kalima Jumapili alfajiri.

Kesho yake baba akavaa abakosti yake ya kahawia, mama alikuwa ameipiga pasi huko Kalima kwa makaa mpaka mikunjo yake ikakaa kama ubao. Tukaenda, mimi na kigoda kichwani, yeye mbele. Moyo wangu ulikuwa unapiga salongo peke yake.

Tangu mlangoni mambo yalikwenda vibaya. Mbuzi wa jirani alikuwa amelala katikati ya darasa, tukamfukuza, akaacha alama zake. Baba akatazama matundu ya madirisha. Akatazama bati lililojaa vitobo. Akatuona tunakaa, wengine juu ya vigoda, wengine juu ya matofali, na mapacha wa fundi cherehani wakigombea mtungi uliopinduliwa. Mwalimu akamkaribisha kwa heshima, akamtolea kiti chake mwenyewe, kiti pekee cha darasa, na baba akakataa, akasimama nyuma karibu na ukuta. Mtoto mmoja akatoa muhogo wake, akaandika tarehe.

"Munaandika na chakula?" baba akauliza.

"Ndiyo, baba," mtoto akajibu, akalamba vidole.

Nikaona baba ametikisa kichwa na kutazama saa yake. Nilimjua baba. Mtu huyo alikuwa amekwisha kukata neno, alibakiza adabu tu. Nikaanza kuhesabu barabara ya Kalima: kivuko, ng'ambo, msitu, na nyanya anabaki nyuma hana wa kumuuliza swali lake.

Halafu mvua ikanyesha.

Wewe unayeijua mvua ya huku kwetu Maniema sina la kukuambia. Usiyeijua, fikiri tu kwamba mtu amemwaga gunia la mchele juu ya bati la nyumba yako, na gunia haliishi. Ukipiga kelele sikioni mwa jirani, hasikii. Katika shule nyingine za mji mvua ilikuwa sikukuu: mwalimu anakaa, watoto wanacheza, wanapigana, somo limekufa. Sisi kwetu mvua ilikuwa somo.

Mwalimu akaenda ubaoni bila haraka. Akachora sikio kubwa, akalikata kwa mstari. Hiyo ilikuwa alama yetu. Watoto wote, na tulikuwa wengi tumebanana, tukasogeza vigoda kutoka chini ya vitobo, kila mmoja anajua pa kwenda, tukaweka vibao magotini, tukanyamaza. Kuanzia hapo hakuna aliyefungua mdomo. Mwalimu anaandika swali, sisi tunaandika jibu, tunainua vibao juu. Anapita macho, anaitikia kwa kichwa, anatabasamu, anaandika lingine. Kifaransa tulikuwa tumeanza, lakini siku ya mvua alituachia Kiswahili chetu, tuseme yote tuliyo nayo.

Akaandika hesabu moja. Tukainua. Akaandika: "Mugeni wetu ni nani?" Vibao vikainuka, "Baba yake," na kando yake mishale imechorwa, ikinielekea mimi. Akaandika tena: "Amekuja kuona kama shule yetu ni muzuri. Mumujibu yeye."

Kisha mwalimu akasimama kando, mikono mgongoni. Leo unaweza kuona ni kitu kidogo. Wakati ule, rafiki yangu, cha Leta hakikusemwa ubaya, tena mbele ya mgeni wa kampuni aliyevaa abakosti ya pasi. Mgeni angeweza kwenda kunong'ona mahali, na mwalimu akalala pabaya. Naye aliwaachia watoto wa darasa la tatu neno lote.

Tukageuka, tukamwelekezea baba vibao. Akaanza kupita kati yetu akisoma, midomo yake inacheza.

"Hapana. Inavuja."

"Ndiyo. Nimejua kusoma."

"Mbuzi anaingia kila siku."

"Nasikia njaa."

"Benchi haiko. Mwalimu iko."

Mtoto mmoja wa nyuma, ambaye hata kuzungumza aliona haya, alikuwa ameandika, "Sijui. Sijaona ingine." Hapo baba akasoma mara mbili. Akamgusa kichwa yule mtoto, akaja kwangu.

Mimi kibao changu kilikuwa kitupu. Nilikuwa nimeanza kuandika "Usinipeleke," nikafuta kwa kiwiko, maana binti hamwamuru baba yake. Nikamtazama, na machozi yananilengalenga, ndipo nikaona amesimama chini ya kitobo kikubwa kuliko vyote, maji yanamdondokea begani, juu ya ile pasi ya mama. Nikaandika haraka: "Baba, songa kidogo. Unalowana."

Akasoma. Akainua uso juu, na tone likamtandika katikati ya paji. Wee! Darasa zima likaangua kicheko, vinywa wazi, meno nje, na sauti hakuna, mvua imemeza yote. Mwalimu naye aliziba mdomo kwa mkono. Na baba, baba yangu yule mkavu, akacheka mpaka akashika ukuta.

Alipomaliza kucheka alimnyoshea mwalimu mkono, kuomba. Mwalimu akampa kipande cha muhogo. Baba akakigeuza vidoleni, akaenda ubaoni, na kwa mwandiko wa kulalia aliofundishwa na mapadri akaandika chini ya lile sikio:

"Aksanti, mwalimu. Mutoto atabaki."

Watoto wote walikwisha kusoma kabla hajatua muhogo. Nyuso zikanigeukia. Nililia, nikalia kwa sauti yangu yote, na hakuna aliyenisikia.

Mvua ilipopungua tulirudi nyumbani, na safari hii kigoda alikibeba baba, yeye na abakosti yake iliyolowa, mbele ya watu wote wa mtaa. Nyanya alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Alituona na hakuacha kutwanga.

"Mama," baba akasema, "fungua kartoni."

Mchi ukasimama.

"Kule Kalima mukubwa akikuja kuangalia shule, watoto wanamuimbia. Huku wameniandikia ukweli. Nani amewafundisha vile, bila benchi?"

"Mugeni njoo, mwenyeji apone," nyanya akasema, kama mtu asiye na habari. Lakini alipokwenda kwenye kartoni, vidole vyake vikashindwa na fundo alilolifunga mwenyewe. Alivuta, akavuta, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, akisema kamba hii ni mubaya, kamba gani hii. Baba akaikata kwa kisu. Siku ile tulikula wali na sombe, na samaki wa mto aliyekuwa amewekewa mwalimu. Mwalimu alipelekewa wake baadaye, mkubwa zaidi.

Baba akapanda kamio peke yake. Tangu hapo kamio zilizotoka Kalima zilituletea chaki za kweli, nyeupe, ndani ya boksi. Tulizishukuru, ingawa ukizila hazina ladha yoyote. Nikamaliza shule ile, nikaendelea na nyingine, nikawa muuguzi, na mpaka leo naweza kumwandikia mkubwa wangu kwamba paa linavuja.

Shule yenyewe haipo. Vita vilipita pale, kuta zikaanguka, matofali yakajenga nyumba za watu. Mwalimu alifia hapahapa Kindu katika miaka ile mibaya, nami nilikuwa mbali, sikumzika. Nyanya alikuwa ametangulia, baba akafuata. Nikikutana na mtu niliyesoma naye tunashikana mikono, tunaulizana watoto, lakini wengi wametawanyika, Punia, Kisangani, wengine Mungu ndiye ajuaye. Wale watatu walioshikilia maisha yangu siku ile ya mvua, mmoja alithubutu kungoja, mmoja alithubutu kuacha tuseme, na mmoja alikubali kusoma. Asante yao imenikaa mdomoni miaka yote hii, na hakuna hata mmoja aliyebaki wa kuipokea. Basi, rafiki yangu, ipokee wewe.